Maneno ya Kale ya Kiingereza Yatajayo Desturi na Ustadi: Mitego kwa Mfasiri wa Kiswahili

Katika masomo ya tafsiri mwanafunzi hufundishwa kuyahofia maneno asiyoyajua. Akutanapo na neno geni husimama, hufungua kamusi, huwauliza wenziwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Kiingereza cha karne ya 16 na ya 17, na kwa sehemu katika karne zilizofuata, hatari kubwa haiko huko. Neno lililokufa kabisa halimdhuru mtu, kwa kuwa hujitangaza lenyewe kuwa geni. Mfasiri yeyote akutanaye na "wortcunning" atatafuta, na akitafuta ataona kwamba ni ujuzi wa mimea ya dawa. Lenye kudhuru ni lile lililobaki hai, ambalo mwanafunzi alilifahamu tangu shule ya sekondari, na ambalo kwa sababu hiyo halimsimamishi.

Tumechagua fungu moja tu la maneno hayo, nalo ni la yale yatajayo mazoea ya watu, shughuli zao na ustadi wao. Fungu hili limejaa katika matini za kale ambazo mfasiri hukutana nazo mara kwa mara: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, vitabu vya kilimo na vya upishi, hati za mafundi, sheria. Tena ni fungu lihusulo sifa za watu. Anayekosea jina la mti huharibu sentensi. Anayekosea neno la ujuzi au la mwenendo humharibia mtu jina lake. Na kwa kuwa wengi wetu huku Kongo hukijia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa, tutaonyesha pia pale ambapo njia hiyo husaidia na pale ambapo hupoteza.

Kutoka ujuzi hadi hila

Mwanafunzi wa leo atafasiri "cunning" kuwa "mjanja" au "mwenye hila". Kwa gazeti la juzi atakuwa sahihi. Kwa Biblia ya mwaka 1611 atakuwa amewageuza watu wema kuwa walaghai. Katika Kitabu cha Kutoka, mafundi waliotengeneza hema takatifu husifiwa kwa neno hili. Daudi naye, alipotafutwa mtu wa kumpigia Mfalme Sauli kinubi, alisifiwa kwa neno hili hili. Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni wa Esau, ambaye sura ya 25 ya Mwanzo inamwita "cunning hunter". Msomaji asiyeonywa atadhani kwamba kati ya ndugu wale wawili mjanja ni Esau, hali hadithi nzima yasimulia kwamba Esau ndiye aliyefanyiwa ujanja. Maana yake ni mwindaji stadi, au tuseme kwa unyofu zaidi, mtu ajuaye kuwinda.

Twasema "ajuaye" kwa makusudi. Asili ya "cunning" ni kitenzi cha Kiingereza cha kale "cunnan", yaani kujua. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa "can", ambacho leo chamaanisha kuweza. Jambo hili halitamshangaza Mswahili, kwa sababu nasi twasema "najua kuogelea" tukiwa na maana ya uwezo, kama Mfaransa asemavyo "je sais nager". Kutoka shina hilo pia limetoka "uncouth", ambalo kwanza lilimaanisha kitu kisichojulikana, kisha kigeni, na mwishowe mtu asiye na adabu. Safari ya neno hilo ni fupi na ya kusikitisha: asiyejulikana kwetu akahesabiwa kuwa mshenzi.

Isidhaniwe kwamba tarehe ya kitabu yatosha kuamua. Katika Biblia hiyo hiyo ya mwaka 1611, Waraka kwa Waefeso walitumia neno hili kwa udanganyifu wa walimu wa uongo. Maana mbili zilikuwa zikiishi nyumba moja. Kinachoamua ni maneno jirani. Likikaa karibu na kazi ya mikono, na ala ya muziki, na uwindaji, ni ustadi. Likikaa karibu na mafundisho, mashauri na maneno matamu, ni hila.

Mtu ataweza kuuliza kwa nini ujuzi uanguke hata kuwa hila. Jibu letu ni kwamba ajuaye usilolijua ana uwezo wa kukuhadaa, na wasiojua hawasahau jambo hilo. Kiingereza kimerudia mwendo huu mara nyingi. "Crafty" alikuwa mwenye ufundi, akawa mwenye hila. "Sly" aliweza kuwa mwenye busara, naye akaishia huko huko. Wala Kiswahili hakina haki ya kucheka. Neno letu "hila" limetoka katika Kiarabu, na katika Kiarabu wingi wake, "hiyal", liliwahi kuwa jina la elimu tukufu ya mitambo. Wana watatu wa Musa, wataalamu wa Baghdad wa karne ya 9, waliandika Kitab al-Hiyal, kitabu chenye maelezo ya vyombo vya maji na vifaa vijiendeshavyo. Hakuna aliyekiita kitabu cha ulaghai. Karibu zaidi na sisi lipo neno la Kilingala "mayele", lisikikalo hata katika mazungumzo ya wasemaji wa Kiswahili, ambalo hutaja akili na werevu wa kupotosha kwa pamoja. Mwenye mayele huweza kusifiwa au kuepukwa, na msikilizaji hutambua kwa sauti ya msemaji. Katika kitabu hakuna sauti.

Mjuzi wa kijiji si mchawi

Kosa lililo zito kuliko yote katika fungu hili ni la kufasiri "cunning man" na "cunning woman". Watu hawa walikuwapo katika vijiji na miji ya Uingereza tangu mwisho wa zama za kati hata mwanzoni mwa karne ya 20. Walitibu watu na mifugo, walitafuta vitu vilivyoibwa, walitazama bahati za wachumba, na zaidi ya yote waliwatambua waliodhaniwa kuwa wachawi na kuwakinga watu na uchawi wao. Walilipwa kwa kazi hiyo. Majirani zao waliwaita pia "wise man" na "wise woman", wenye hekima. Mfasiri akiandika "mtu mjanja" amepotea. Akiandika "mchawi" amepindua maana, kwa maana huyu ndiye aliyeitwa kupambana na mchawi. Neno la Kiswahili lipo tayari, nalo ni "mganga".

Ni kweli kwamba wachungaji wengi wa wakati ule waliwashutumu waganga hao pamoja na wachawi, wakisema kwamba nguvu zao zatoka mahali pamoja. Sheria nazo ziligeuka. Ile ya mwaka 1604, chini ya Mfalme James wa Kwanza, yule yule ambaye tafsiri ya mwaka 1611 ilitolewa chini yake, iliwahukumu kifo waliothibitishwa kuwa wachawi. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1736 ilifuta kosa la uchawi lenyewe, ikaweka mahali pake kosa la kujidai kuwa na uwezo huo, kwa adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja. Kuanzia hapo aliyekuwa hatarini mahakamani hakuwa tena mchawi, bali mganga, akishtakiwa kuwa tapeli. Kwa hiyo mfasiri wa hati za kesi hana budi kujua ni sheria ipi iliyotumika kabla hajachagua neno lake.

Twalitilia mkazo jambo hili kwa sababu kwetu si mchezo wa maneno. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtu akiitwa mchawi huweza kupoteza nyumba yake, na wazee wamewahi kupoteza uhai. Kiswahili kimetunza kwa uangalifu mpaka kati ya uganga na uchawi. Huku Lubumbashi "munganga" ni daktari wa hospitali, na Tanzania daktari mkuu wa serikali huitwa Mganga Mkuu. Waandishi wa Kiingereza wa zama za ukoloni ndio waliouchafua mpaka huo kwa neno lao "witch-doctor", lililofunga pamoja mchawi na tabibu. Mwanafunzi asiyeangalia huurudisha uchafu huo katika lugha ambayo haikuwa nao. Yafaa pia kukumbusha kwamba Keith Thomas, mwanahistoria aliyewafufua waganga wa Uingereza katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu dini na kupungua kwa imani za uganga na uchawi, alijifunza mengi kutoka kwa wanaanthropolojia, akiwamo Evans-Pritchard, aliyechapisha mwaka 1937 utafiti wake juu ya Wazande. Utafiti huo ulifanyika upande wa Sudani, lakini Wazande wengi ni wananchi wa Kongo. Basi watu wa Uele wamesaidia kueleza mambo ya vijiji vya Uingereza, jambo ambalo halitajwi mara nyingi.

Ufundi na kiambishi "u-"

Neno "craft" kwanza lilimaanisha nguvu, kama lilivyobaki "Kraft" katika Kijerumani hadi leo. Huko Uingereza nguvu hiyo ikawa uwezo wa mikono, kisha ustadi, kisha kazi ambayo mtu aliishi kwayo. Katika Matendo ya Mitume, Paulo na Akila ni wa "craft" moja, maana wote wawili ni mafundi wa mahema.

Lililo la kupendeza kwa mwanaisimu wa Kiswahili ni namna neno hili lilivyotumika mwishoni mwa maneno mengine, likifanya karibu kazi ile ile ambayo kwetu hufanywa na kiambishi "u-". Sisi twachukua mhunzi tukapata uhunzi, mfinyanzi tukapata ufinyanzi, seremala tukapata useremala. Wao walichukua "leech", ambaye zamani alikuwa tabibu, wakapata "leechcraft", utabibu. Hapa mwanafunzi aangalie asidhani kwamba ni ufundi wa kutumia ruba, kwa sababu tu leo "leech" ni jina la mdudu huyo anyonyaye damu. Hata elimu za shule ziliitwa hivyo. Sarufi iliitwa "stæfcræft", yaani ufundi wa herufi. Hesabu iliitwa "rīmcræft", ufundi wa kuhesabu. Elimu ya nyota iliitwa "tungolcræft". Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, majina hayo yaliondolewa polepole na majina ya Kilatini na Kigiriki, mengi yakipitia Kifaransa.

Katika karne ya 19 wako waliotaka kuyarudisha. Oswald Cockayne alipochapisha maandiko ya kale ya tiba kati ya mwaka 1864 na 1866, aliyapa majuzuu yake jina lililojaa maneno ya namna hii: "leechdoms", "wortcunning", "starcraft". Mchungaji William Barnes wa Dorset alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1878 alitoa kitabu cha sarufi ambacho badala ya "grammar" kilitumia "speech-craft", ufundi wa kusema, na ndani yake alijaribu kueleza lugha yote kwa maneno yenye asili ya Kiingereza tu. Hakufuatwa. Msomaji aliyewahi kuhudhuria mabishano yetu kuhusu istilahi, kama tuchukue Kiarabu, au lugha za Kibantu, au Kizungu, atamwona Barnes kuwa ndugu. Kwa maoni yetu hakushindwa kwa ubaya wa maneno yake, ambayo mengi ni mazuri. Alishindwa kwa kuwa yale aliyotaka kuyaondoa yalikuwa yamekwisha kuwa ya watu wote.

Neno moja la tahadhari: "aircraft" si ufundi wa hewa. Hapo "craft" ni chombo, maana iliyotoka kwa mabaharia.

Fumbo lisilo fumbo

Mwanagenzi wa Kiingereza, yaani kijana aliyewekwa chini ya fundi ili ajifunze kazi, alitiwa katika mkataba uliosema kwamba atafundishwa "art and mystery" ya kazi ile, iwe ya useremala, iwe ya kutengeneza glovu. Sheria ya mwaka 1563 ilitaka miaka 7 ya uanagenzi, na sehemu hiyo ya sheria ikafutwa mwaka 1814. Mfasiri aandikaye kwamba kijana alifundishwa "sanaa na fumbo la useremala" huwafanya maseremala waonekane kama chama cha siri.

Hapa Kifaransa chatuokoa. "Mystery" hii si ile ya mafumbo, itokayo katika Kigiriki. Yatoka katika Kilatini "ministerium", utumishi, nalo ndilo lililozaa "métier" ya Kifaransa. Maneno mawili yaliyofanana kwa sauti yalichanganyikana katika Kilatini cha zama za kati, na mchanganyiko ukarithiwa na Kiingereza. Ajuaye "métier" amekwisha kupata maana: kazi ya kujifunza, ufundi. "Sanaa na ufundi wa useremala" yatosha kabisa.

Vazi, njia na makao

Tukija kwenye maneno ya mazoea, Kifaransa huanza kuchanganya mambo. "Habit" ya Kiingereza leo ni zoea. "Habit" ya Kifaransa ni nguo. Lakini Kiingereza cha zamani kilikuwa na zote mbili, na mabaki ya nguo yangalipo katika vazi la watawa na katika vazi la wanawake la kupandia farasi. Asili ni moja, "habitus" ya Kilatini, jinsi mtu alivyo na anavyojishika. Kadhalika "custom" na "costume" ni pacha, kama "coutume" na "costume" katika Kifaransa. Mababu wa lugha hizo waliona kwamba mtu huyavaa mazoea yake.

"Custom" ina tawi jingine linalomhusu Mswahili moja kwa moja. Malipo yaliyozoeleka kutolewa kwa mfalme kwa bidhaa zilizoingia na kutoka yaliitwa kwa jina hilo hilo, na hivyo hadi leo "customs" ni forodha. Sasa tazama neno letu "ada". Kwa asili yake ya Kiarabu ni desturi, na bado twasema ada na desturi za wahenga. Lakini pia ni malipo, kama ada ya shule. Lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia moja, kwa sababu kinachotolewa kila mara hatimaye hudaiwa. Jirani yake ni "kilemba", nguo ya kichwani ambayo imekuwa pia jina la zawadi ampayo mwanagenzi fundi wake amalizapo mafunzo.

"Wont" ni zoea, lakini mzizi wake ni kukaa. Kijerumani kimehifadhi yote mawili: "wohnen" ni kukaa mahali, na "gewohnt" ni aliyezoea. Leo Waingereza hulitumia "wont" karibu kwa mzaha tu, wakimsema mtu arudiaye jambo lake lile lile. Katika matini ya mwaka 1611 halina mzaha wowote.

"Trade" lilikuwa njia, wayo uliokanyagwa, mwendo wa chombo baharini. Kutoka hapo likawa mwenendo wa maisha, kisha kazi ya kila siku, na baadaye sana biashara. Kiswahili kimefanya vivyo hivyo kwa "mwenendo", kutoka kuenenda. Ndugu za Yusufu walipofundishwa la kusema mbele ya Farao, Biblia ya mwaka 1611 hutaja "trade" yao kuwa ni wanyama. Hawakuwa wachuuzi wa ng'ombe. Walikuwa wafugaji, na hoja yote ya sura ile, yaani kupewa nchi ya Gosheni kwa malisho, hupotea tukiwafanya wafanyabiashara. Kosa hilo hilo limejificha katika jina "trade winds". Anayefasiri neno kwa neno huandika "pepo za biashara", kisha hueleza kwamba wafanyabiashara walizitumia. Walizitumia kweli, lakini jina halikutoka huko: ni pepo zishikazo njia moja bila kugeuka. Mfaransa asemaye "alizés" hana mtego huo.

Lipo pia "conversation", ambalo mwanafunzi atafasiri "mazungumzo" bila hata kupepesa jicho. Katika nyaraka za Mitume, kwa Kiingereza cha mwaka 1611, ni mwenendo, namna mtu aishivyo kati ya wenziwe. Na Biblia ya Kiswahili husema mwenendo. Asiyelijua hili atawaona Mitume wakiwahimiza Wakristo kuzungumza vizuri tu. Katika sheria ya Uingereza kulikuwa na shauri lililoitwa "criminal conversation", ambalo mume alimfungulia mwanamume aliyezini na mkewe. Lilifutwa mwaka 1857. Si mazungumzo ya kihalifu hata kidogo.

Na "thew", lililotaja tabia na adabu njema, liliishia kuwa misuli ya mwili. Yatosha kulitaja.

"Use" na viambishi vyetu

Neno "use" lastahili kusimamishwa peke yake, kwa kuwa kosa lake huingia ndani ya sarufi. Zamani lilikuwa desturi. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kilikusudia kuondoa "uses" mbalimbali, za Salisbury, za Hereford, za York na nyinginezo, yaani taratibu za ibada zilizotofautiana mahali na mahali. Kama kitenzi lilimaanisha kuzoea, na lilitumika kwa wakati uliopo: "they use to walk", hutembea, ni desturi yao kutembea. Siku hizi limebaki katika wakati uliopita tu, "they used to walk". Mwanafunzi aonapo umbo la wakati uliopo huandika "wanatumia kutembea", sentensi isiyo na maana katika Kiswahili chochote.

Hapa lugha yetu ni tajiri kuliko Kiingereza cha leo. Kiswahili sanifu kina "hu-": "hutembea", "husema". Kiswahili cha Lubumbashi kina kiishio "-aka": "anasemaka", "wanafanyaka", ambacho ni urithi wa Kibantu wa kale sana, wala si uharibifu wa lugha kama walivyodhani walimu wengine wa zamani. Mwanafunzi wa Katanga ambaye mama yake husema "anasemaka" ana ndani ya kinywa chake tofauti ambayo Mwingereza ameipoteza. Katika tafsiri rasmi ataandika "hu-", lakini kwa kuitambua maana ya "use" ya kale, kiishio cha nyumbani humsaidia kuliko kamusi.

Bwana na bibi wa nyumba

Tumeliweka mwisho jozi la "husbandry" na "huswifery" kwa kuwa halijapata, kwa maoni yetu, tafsiri ya kuridhisha. "Husband" lilitoka kwa watu wa Skandinavia, nalo lilimaanisha mwenye nyumba, mtu mwenye makao na shamba. Kutoka hapo "husbandry" ikawa kilimo, ufugaji, na pia uwekevu, yaani kutumia mali kwa kipimo. Kifaransa kina mfano wake: Olivier de Serres alipotoa kitabu chake kikubwa cha kilimo mwaka 1600, alitia katika kichwa chake neno "mesnage", na "ménager" hata leo ni kutumia kwa uangalifu. Kwa Kiswahili "bwana" ni mume na ni mwenye mamlaka, tena Tanzania mtaalamu wa kilimo huitwa "bwana shamba". Basi upande wa mume hakuna taabu.

Taabu iko upande wa mke. Thomas Tusser alitoa mwaka 1557 shauri 100 za "husbandry" kwa mashairi. Kufikia mwaka 1573 zilikuwa 500, zimeunganishwa na nyingine za "huswifery". Mwaka 1615 Gervase Markham alichapisha kitabu kizima kumhusu bibi wa nyumba wa Kiingereza. Ndani yake bibi huyo anatakiwa kujua tiba, upishi, kukamua mafuta na manukato, kusokota na kutia rangi sufu, kutengeneza kitani, kazi zote za maziwa, kuandaa nafaka ya pombe, kutengeneza pombe na kuoka mikate. Hiyo ni karakana, wala si jiko. Lakini neno lenyewe lilianguka. "Huswife" lilipokatwa katika matamshi likawa "hussy", tusi la mwanamke asiye na haya, na tawi jingine likawa jina la kifuko cha sindano na nyuzi ambacho askari wa Uingereza walibeba hata katika vita vya karne ya 20. Mume alibaki na heshima yake yote. Mkewe akagawanywa kati ya tusi na kifuko.

Je, tuandikeje? "Unyumba" laonekana kuwa sahihi kwa umbo, lakini kila Mswahili ajua kwamba maana yake ni mambo ya chumbani kwa mume na mke. Atakayeliweka katika kichwa cha kitabu cha Markham atauza nakala nyingi kwa sababu isiyofaa. "Kazi za nyumbani" hupunguza. "Sayansi kimu", kama isemwavyo katika shule za Tanzania, ni ya darasani mno. "Mama wa nyumbani" ni jina ambalo leo hupewa mwanamke asiye na kazi ya mshahara, sawa na "ménagère" katika Kifaransa chetu. Sisi twapendelea "ubibi wa nyumba", ijapokuwa ni neno jipya na masikio yatalikataa kwanza. Lina kiambishi "u-" cha ustadi, kama uhunzi na ufinyanzi, na lina "bibi" aliye sawa na "bwana". Atakayepata lililo bora kuliko hilo na atuletee, tutalichapisha.